Minara ya simu ikiacha dizeli, nani atanufaika na nani atabaki na sumu?

NA MWANDISHI WETU, KIGALI

Burundi imekuwa ikihangaika na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa. Foleni za magari katika vituo vya Bujumbura zimezoeleka kiasi kwamba haziandikwi tena magazetini kama habari. Jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra ni kwamba mafuta hayo hayo yanagombaniwa pia na mitambo ambayo msafiri haioni barabarani: jenereta zilizofungiwa ndani ya uzio, chini ya minara ya simu.

Umeme wa gridi ukikatika na dizeli ikaisha, betri za mnara hushikilia kwa saa chache tu. Baada ya hapo simu zote za eneo hilo hukosa mtandao. Wakala wa kutuma na kupokea pesa anafunga kibanda. Mama aliyetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Kigali au Nairobi anazo fedha hizo kwenye simu lakini hawezi kuzigusa. Muuguzi wa kituo cha afya hawezi kuita gari la wagonjwa. Uhaba wa mafuta unageuka kuwa uhaba wa pesa na wa matibabu.

Ndiyo sababu mjadala wa mawasiliano yasiyoharibu mazingira unazihusu wizara za fedha na biashara za Jumuiya ya Afrika Mashariki kama unavyozihusu zile za mazingira, na pengine zaidi. Kwa hesabu za tabianchi peke yake, kanda hii haina mchango mkubwa. Makadirio mengi yanaiweka sekta nzima ya teknolojia ya habari na mawasiliano kati ya asilimia 1.5 na 4 ya gesi joto zote zinazozalishwa duniani, na sehemu yetu katika hizo ni ndogo mno. Mtu anayeuliza kwa nini Burundi au Kongo zihangaike kusafisha minara yao wakati viwanda vya mabara mengine vinaendelea kufuka moshi ana haki ya kuuliza. Jibu lake limo kwenye risiti za mafuta.

Dizeli inavyoteketea bila kazi

Tuchukue mfano wa mnara mmoja wa kijijini, mbali na gridi, wenye mitambo inayotumia kilowati 2 mfululizo. Kwa siku nzima hizo ni uniti 48 za umeme. Jenereta inayowekwa mahali kama hapo mara nyingi ni kubwa kuliko hitaji hilo mara tano au zaidi, kwa kuwa mwenye mnara anatarajia kampuni ya pili na ya tatu zije kupanga, na kwa kuwa jenereta ndogo sana hazihimili kazi ya usiku na mchana. Jenereta kubwa iliyobebeshwa mzigo mdogo hunywa mafuta pasipo sababu, na injini yake huziba masizi mapema.

Tuseme inatumia lita 2 kwa saa. Hizo ni lita 48 kwa siku, zaidi ya lita 17,500 kwa mwaka. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo mnara huo mmoja unatoa tani 47 hivi kwa mwaka. Na hapo hatujahesabu lori linalopandisha mapipa mlimani wakati wa mvua, wala mafuta yanayonyonywa njiani na wezi, wala fundi anayepaswa kubadilisha oili kila baada ya saa 250 za kazi, maana yake kila siku 10 kwa jenereta isiyozimwa.

Sasa ongeza betri nzuri tu, bila paneli hata moja ya jua. Jenereta ile ile itawashwa saa nne au tano kwa siku ikiwa imebeba mzigo kamili, itajaza betri, kisha itazimwa. Umeme ule ule utapatikana kwa lita 18 hivi. Zaidi ya nusu ya mafuta imeokolewa kabla hatujalitaja jua. Hili linafaa kukumbukwa kila kampuni inapotuletea picha ya paneli zinazometameta, kwa sababu sehemu kubwa ya akiba hutokana na kupanga vizuri kile ambacho tayari kipo.

Jua nalo lina hesabu yake. Mnara wa mfano wetu utahitaji paneli za kilowati 12 au 13, nazo zinachukua mita 60 hadi 70 za mraba. Viwanja vingi vya minara vilikodiwa enzi ambazo hakuna aliyewaza paneli, na ni vidogo. Katika milima ya magharibi mwa Rwanda na ya Kivu, mawingu ya masika kati ya Machi na Mei yanaweza kufunika jua siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo jenereta haitolewi. Inabaki pembeni kama gurudumu la akiba, na mnara unakuwa wa mseto: jua, betri, na dizeli kidogo. Anayeahidi zaidi ya hapo kwa mnara wa milimani anapaswa kuulizwa maswali.

Kuna akiba nyingine isiyopigiwa tarumbeta. Vituo vya zamani vya simu vilijengewa vibanda vilivyofungwa, mitambo ikapata joto, vikawekewa viyoyozi vilivyofanya kazi mchana na usiku. Mitambo ya sasa hukaa kwenye makabati ya nje na kupoozwa na upepo. Mahali ambapo kiyoyozi kimeondolewa, mahitaji ya umeme hushuka papo hapo.

Akiba inaingia mfuko wa nani?

Msomaji anayenunua bando kila asubuhi atauliza mbona bei haishuki. Ili kulijibu hilo ni lazima kujua minara ni ya nani. Katika sehemu kubwa ya kanda, kampuni ya simu unayoijua kwa jina na rangi zake si mmiliki wa mnara unaoibeba sauti yako. Mwaka 2014, MTN iliuza minara yake ya Rwanda na Zambia kwa kampuni ya IHS. Nchini Tanzania, Vodacom na ile iliyokuwa Tigo ziliuza kwa Helios Towers, ambayo pia inafanya kazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2019, American Tower ya Marekani iliinunua Eaton Towers iliyokuwa na minara Uganda na Kenya.

Mtindo huu umefanya jambo moja jema kwa mazingira ambalo halikuwa lengo lake la kwanza. Kampuni mbili au tatu zikikaa kwenye mnara mmoja, kunakuwa na uzio mmoja, barabara moja ya kupandia mlima na jenereta moja inayobeba mzigo unaoistahili. Yeyote aliyepita Kampala au Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya simu za mkononi anakumbuka minara mitatu iliyosimama kwenye kilima kimoja kama miti iliyopandwa na watu wasiosemezana.

Tatizo limo kwenye mikataba. Mikataba mingi ya kupangisha minara ina kipengele kinachopandisha ada kufuatana na bei ya mafuta au ya umeme. Mwenye mnara analindwa dizeli inapopanda, na mpangaji ndiye anayebeba mzigo, ambao hatimaye humfikia mteja. Anayelindwa namna hiyo hana haraka ya kuchimbua jenereta yake. Inapokuwa ada ya nishati imewekwa bei moja isiyobadilika, mambo hugeuka: kila lita isiyochomwa ni faida ya mwenye mnara, naye hukimbilia paneli na betri bila kuhubiriwa. Wadhibiti wetu, yaani RURA hapa Rwanda, TCRA Tanzania, UCC Uganda na wenzao, wana desturi ya kutazama bei ya dakika na ubora wa sauti. Ningependa kuona siku moja wakiitisha pia taarifa ya umeme na mafuta kwa kila mnara, ili mteja ajue akiba imekwenda wapi.

Wakubwa wa sekta tayari wana sababu zao za kujisafisha. Airtel Africa na Helios ziko kwenye soko la hisa la London, MTN iko Johannesburg, na wawekezaji wa huko wanataka kuona takwimu za hewa ukaa kila mwaka. MTN imejiwekea lengo la kufikia uzalishaji sifuri ifikapo 2040, Safaricom 2050. Fedha nazo zimeanza kufuata njia hiyo. Mwaka 2023, Safaricom ilipata mkopo wa Sh15 bilioni za Kenya kutoka kwa kundi la benki, masharti yake yakiwa yamefungamanishwa na malengo ya mazingira na jamii. Fedha za namna hii zilikuwa zikiishia kwenye mabwawa na mashamba ya upepo. Sasa zinaingia kwenye simu.

Hata hivyo, ahadi hizi haziwezi kupimwa kwa mizani moja. Gridi ya Kenya inategemea kwa sehemu kubwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, hivyo mnara uliounganishwa na gridi Nakuru ni msafi bila jasho la kampuni ya simu. Uganda ina maji ya Nile, kuanzia Jinja hadi Karuma. Tanzania imewasha Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Na maporomoko ya Rusumo, yenye megawati 80, yanazigawia Rwanda, Burundi na Tanzania kwa mafungu sawa. Sasa vuka uende Kongo, ambako takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme. Huko mnara bila jenereta au jua ni chuma tupu. Kampuni inayopunguza lita moja ya dizeli Kivu au Maniema imefanya kazi kubwa kuliko inayojivunia umeme safi wa gridi ya Nairobi, na ingefaa takwimu za kanda zionyeshe tofauti hiyo.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, faida kuu ni uhakika wa huduma. Wanawake wanaovuka kila siku kati ya Rubavu na Goma, au Rusizi na Bukavu, wakiwa na nyanya, maziwa na samaki, wanazungusha mtaji mdogo kwa kutumia simu. Mtandao ukizimika saa tatu asubuhi, nyanya hazisubiri. Vyama vya ushirika vya kahawa navyo vimeingizwa kwenye jambo hili: sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya mazao yatokanayo na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila shamba lijulikane mahali lilipo kwa vipimo vya ramani, na kazi hiyo hufanywa kwa simu shambani. Mkulima wa Huye au wa Bukoba anahitaji mnara unaowaka ili kahawa yake ifike sokoni.

Safari ambazo hazikufanywa

Faida kwa jamii zinazotajwa kwenye ripoti za kampuni mara nyingi huandikwa kwa lugha ya kujisifu, lakini baadhi yake ni za kweli na tunazishuhudia. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, watu wengi waliokuwa wakipeleka pesa nyumbani walimpa dereva wa basi au walikwenda wenyewe. Safari hizo zimepungua, na mafuta ya safari hizo hayakuchomwa. Hakuna anayeweka rekodi ya safari isiyofanywa, ndiyo maana faida hii haimo kwenye vitabu vya hesabu vya wizara yoyote.

Malipo ya simu ndiyo pia yaliyowezesha umeme wa jua wa kulipa kidogo kidogo. M-KOPA iliingia sokoni Kenya mwaka 2012 ikitumia utaratibu huo: unalipa kila siku kwa simu, na mtambo unawaka, usipolipa unazimwa kwa mbali. Bboxx imefanya vivyo hivyo Rwanda na Kongo. Vibatari vya mafuta ya taa vilivyotoka kwenye nyumba hizo vilikuwa vikiwachoma watoto macho na mapafu. Hapa simu na nishati zinategemeana kwa namna ya kuchekesha kidogo: nyumba inahitaji mnara ili ilipie sola yake, na mnara nao unahitaji sola ili uwake.

Mipakani, mifumo ya pamoja ya kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, iliyoanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017, pamoja na Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, imepunguza siku ambazo malori hukaa Malaba na Gatuna yakisubiri karatasi. Maofisa wa kanda wamekuwa wakitaja kwamba mzigo kutoka Mombasa hadi Kigali uliokuwa ukichukua wiki tatu sasa hufika katika muda usiozidi wiki moja mambo yakienda sawa. Lori lisilosimama na injini ikinguruma kwenye foleni ya kilomita nyingi ni akiba ya dizeli kuliko mipango mingi yenye jina la mazingira. Marais wenyewe walikutana kwa njia ya video Februari 2021, katika Mkutano wa 21 wa kawaida wa wakuu wa nchi za Jumuiya, na maamuzi yakafanyika. Walirudi kwenye ndege mara corona ilipotulia, lakini angalau ilithibitika kuwa inawezekana.

Owino Uhuru isisahaulike

Hapa ndipo habari njema inapofika kwenye kona ambayo wauzaji wa teknolojia hupenda kuipita kwa kasi. Mnara unaoacha dizeli unahamia kwenye betri, na betri zina mwisho.

Mjini Mombasa kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru. Kati ya 2007 na 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu. Madini ya risasi yaliingia kwenye udongo, maji na damu za watoto. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe kuugua na kukutwa na risasi mwilini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha fidia hiyo Desemba 2024. Miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa, watu wa Owino Uhuru walikuwa bado kortini.

Betri zilizoyeyushwa pale zilikuwa za risasi na asidi, aina ile ile ambayo minara, magari na mitambo mingi ya sola ya majumbani imeitegemea kwa muda mrefu. Risasi ina bei kwenye soko la vyuma chakavu, kwa hiyo betri iliyokufa haikosi mnunuzi. Tatizo ni mnunuzi mwenyewe. Yule anayemwaga asidi kwenye mtaro na kuyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya nyumba anaweza kulipa bei nzuri kuliko kiwanda chenye vichujio vya moshi na daktari wa wafanyakazi, kwa sababu hana gharama hizo. Kampuni inayouza betri zake chakavu kwa mnada, kwa mtoa bei ya juu kabisa, bila kuuliza zinakwenda wapi, inajua au inapaswa kujua inachokifanya.

Betri za lithiamu, ambazo zinachukua nafasi hiyo kwa kasi, zina shida ya upande wa pili. Zinadumu zaidi na hazina risasi. Nyingi zinazofungwa kwenye minara ni za aina ya chuma na fosfeti, hivyo hazina hata kobalti ya Kolwezi, madini ambayo Kongo inazalisha zaidi ya asilimia 70 ya yote yanayochimbwa duniani. Lakini kwa kuwa hazina madini ya bei, mwokota chuma chakavu hazitaki. Zinaweza kurundikana kwenye maghala, zikatupwa dampo, na zikitobolewa zinashika moto usiozimika kirahisi. Betri zinazofungwa leo zitaanza kufa kwa wingi katika miaka 10 ijayo. Huo ni muda mfupi wa kujenga viwanda, na mrefu vya kutosha kwa wanasiasa kuamini kwamba halitakuwa tatizo lao.

Dunia kwa jumla haiko vizuri. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki ilihesabu tani milioni 62 zilizozalishwa mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1.

Simu za mkononi ni sehemu ya mlima huo. Kenya ilizima simu bandia zinazokaribia milioni 2 mwaka 2012, na Tanzania ikafuata mwaka 2016. Mijadala ya wakati huo ilihusu uhalifu, afya na haki za watengenezaji. Swali la plastiki, betri na shaba zote hizo zitaishia wapi halikupata uzito kama huo. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea kiwandani, kabla hujaichaji mara ya kwanza. Kwa maana hiyo mafundi wa Luthuli mjini Nairobi, wa Kariakoo, na wa Mutaasa Kafeero mjini Kampala wanafanya kazi kubwa ya kimazingira kuliko wanavyohesabiwa. Simu iliyotengenezwa kioo ikadumu miaka miwili zaidi imeokoa kuliko mabango mengi. Watu hawa hawana vyeti, hawaalikwi kwenye warsha, na ushuru wa vipuri unawakaba.

Mpaka uliofungwa kwa taka, wazi kwa bidhaa

Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki Bugesera, kinachoendeshwa kwa ubia wa serikali na kampuni ya Enviroserve. Kenya ina kituo cha WEEE jijini Nairobi, na sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji au mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Hizo ni hatua. Lakini kiwanda cha kisasa hakiwezi kuishi kwa taka za nchi moja ndogo. Kinahitaji mzigo mwingi na wa uhakika, la sivyo mashine zinakaa bure na bei ya kuchakata inapanda.

Jiografia inasema betri iliyokufa Bukavu ingefika Bugesera kwa siku moja. Karatasi zinasema vingine. Chini ya Mkataba wa Basel, kuvusha taka hatari kunahitaji idhini ya maandishi ya nchi inayotoa, inayopokea na kila moja inayopitiwa, na tangu Januari 1, 2025 masharti hayo yanahusu taka zote za kielektroniki, ziwe hatari au la. Lengo ni jema, kwani liliwekwa kuzuia Ulaya na Marekani zisigeuze Afrika kuwa jalala. Ila kwa nchi wanachama wa Jumuiya moja, ambazo bidhaa mpya hupita kati yao kwa ushuru wa pamoja, matokeo yake ni ya kushangaza: betri mpya inavuka mpaka kwa saa chache, betri hiyo hiyo ikifa inaweza kukaa miezi ikisubiri mihuri. Mwenye betri hatasubiri. Atamuuzia mwenye sufuria.

Jumuiya ina chombo cha kulisukuma jambo hili, na makao yake yako hapa Kigali. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, linawaunganisha wadhibiti wa sekta na limekuwa likishughulikia suala la taka za kielektroniki. Kanda hii imeshathibitisha inaweza kuelewana haraka ikitaka: mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana Mtandao Mmoja uliofuta gharama za ziada za kupiga simu kuvuka mipaka, na Sudan Kusini ikaungana nazo. Utaratibu wa idhini ya mapema kwa viwanda vilivyokaguliwa, ambapo mamlaka za nchi wanachama hukubaliana mara moja kwa mwaka badala ya kila lori, hauhitaji mkataba mpya wa dunia. Tanzania haikuingia kwenye Mtandao Mmoja tangu mwanzo, na kwa taka isije ikawa hivyo tena, kwa sababu Dar es Salaam ni mlango wa betri nyingi zinazoingia Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo.

Aidha, minara inaongezeka. Mei 2023, Tanzania ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Hilo ni jambo jema kwa wananchi wa huko. Kila fedha ya umma inapojenga mnara ni nafasi ya kuandika sharti mbili ndani ya mkataba: utatumia nishati gani, na betri zake zitarudi kwa nani. Kuandika sharti hizo wakati wa zabuni ni rahisi. Kuzidai miaka saba baadaye, mkandarasi akiwa ameondoka, ni kazi nyingine.

Linabaki suala la kodi, ambalo ndilo litakaloamua kasi ya yote haya. Orodha ya misamaha ya ushuru wa forodha ya Jumuiya inataja vifaa vya umeme wa jua na betri zinazouhifadhi, lakini kodi ya ongezeko la thamani ni ya kila nchi na hubadilika kama hali ya hewa. Kenya iliitoza bidhaa za sola kodi hiyo mwaka 2020, kisha ikaiondoa 2021 baada ya malalamiko. Kampuni inayopanga kufunga paneli kwenye minara mia mbili kwa miaka mitano haiwezi kupiga hesabu katika mazingira hayo, na ikishindwa kupiga hesabu itanunua jenereta nyingine. Juni mawaziri wa fedha wa kanda watasimama mabungeni kusoma bajeti zao. Wenye minara, mafundi wa simu na wachakataji wa Bugesera na Nairobi watakuwa wakisikiliza mistari mitatu: kodi ya betri za lithiamu, ushuru wa vipuri vya simu, na kama kuna yeyote kati yao atakayetaja ada ya kurejesha betri inayolipwa bandarini siku inapoingia.